Ijumaa Iliyobebwa na Sisimizi

Katika mji ule jua lilichomoza na kuzama kama majua ya miji mingine, ila kila lilipochomoza liliikuta Alhamisi ileile, imekaa kitako, imekunja nne, haina mpango wa kuondoka. Ijumaa ilikuwa haijatiwa saini. Ndivyo lilivyosema tangazo mlangoni pa Ofisi ya Siku, nalo tangazo lilikuwa limepauka hata herufi zake zikabaki kama madoa ya chai. Wengine walisema imepita miaka mitatu. Wengine walisema saba. Mwamvua, jirani yake Mfaume, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa tangu Alhamisi hiyo ianze, alisema yeye hahesabu tena, anayehesabu ni mgongo wake.

Sababu ya kutotiwa saini kila mtu aliijua, na aliyeisema kwa sauti alikuwa Mfaume peke yake. Mkuu wa Siku alisimama jukwaani akaapa kwamba ifikapo Ijumaa kila nyumba itakuwa na maji ya bomba. Sasa mabomba hayakuwapo. Mtu wa kawaida angetafuta mabomba. Mkuu aliona ni nafuu kuizuia Ijumaa.

Mfaume alikuwa mchota chumvi, shule aliishia darasa la tatu, na alikuwa mgane. Kuhusu ugane wake hakuwa na maneno mengi, alikuwa na maneno yaleyale. Mkewe, Siwema, alibanwa na kifua siku ya Alhamisi. Akambeba mpaka zahanati. Karani pale dirishani akasema bila kuinua macho: daktari anakuja Ijumaa. Wakakaa kwenye benchi. Asubuhi ya pili ikaja, nayo ikawa Alhamisi. Ya tatu, Alhamisi. Siwema, ambaye maisha yake yote hakupenda kumsubirisha mtu, akaona naye asisubirishwe zaidi, akaondoka.

Wakamzika, wakatandika mikeka barazani, na tangu hapo hiyo mikeka haikukunjwa. Ingekunjwaje? Arobaini haifiki mahali ambapo siku ya pili haijafika. Kila asubuhi majirani walikuja, wakavua viatu, wakamshika mkono na kumwambia, "Pole sana, Mfaume, ni mipango ya Mungu," kwa sauti mbichi kabisa, kama vile Siwema amekata roho alfajiri ile. Na kila asubuhi maumivu yalimwingia Mfaume mapya, yametoka dukani, hayajaguswa. Yeye hakutaka kumsahau mkewe. Alitaka jambo dogo tu: zipite siku arobaini, aanue matanga, huzuni yake ipate ruhusa ya kuzeeka kama yeye mwenyewe.

Mipango ya Mungu, alisema moyoni. Ya Mungu wapi. Mungu anajua kuhesabu mpaka saba. Hii ni mipango ya ofisi.

Swali lililomtafuna huko kwenye mabwawa ya chumvi, akiwa na reki yake na weupe usio na mwisho mbele yake, lilikuwa hili: wale wenye vichwa vikubwa wanaweka nini humo ndani? Maana walikuwa wamejaribu. Siku zote ambazo hazijatumika zilikuwa zimewekwa ng'ambo ya Uwanda wa Chumvi, katika ghala, na ule uwanda hauna mti, hauna jiwe, hauna alama. Mtu akigeuka mara mbili hajui tena alikotoka. Basi ofisi ikaunda mashine iitwayo Bongo Kuu, yenye kichwa kama tangi la maji la msikiti, iende ghalani ikahesabu zilizobaki. Ilikwenda hatua kumi na moja, ikasimama kufikiri kama ya kumi na mbili ni ya lazima. Bado inafikiri. Kunguru wametaga sikioni mwake, na Mwamvua anaanika kanga zake kwenye mkono wake wa kulia, ambao ulibaki umenyooshwa katika kufafanua jambo.

Aliyeleta habari mpya alikuwa fundi wa kike aitwaye Chausiku, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Kama umetumwa na ofisi, hiyo shikamoo yako irudishe."

"Nimetumwa na ofisi."

"Marahaba basi, kwa vile umesema kweli. Lakini tembea polepole, utakanyaga walimu."

Mfaume alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa bwawa, kidevu juu ya ngumi, anamtazama sisimizi. Chausiku akalala pembeni yake bila kuulizwa, na hilo lilimpendeza mzee ingawa hakulionyesha.

"Mtazame. Katoka shimoni kwake pale. Kaenda huku, kapinda kule, karudi, kazunguka, utasema mlevi katoka kilabuni. Sasa kaipata chembe ya chapati yangu. Ngoja… Unaona?"

Sisimizi, chembe mdomoni, alikuwa anakata uwanda kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, moja kwa moja hadi shimoni.

"Anaona shimo?"

"Aone wapi, macho yenyewe hayo! Anahesabu miguu yake. Na jua analiangalia. Kila akikata kona anajumlisha: hatua hizi upande huu, hatua zile upande ule. Mwisho anabaki na kitu kimoja tu kichwani: kwetu ni kule, hatua kadhaa."

"Umejuaje?"

"Nilimchota mmoja kwa kijiko akiwa na mzigo wake, nikamweka mbali. Akashika mwelekeo uleule, akatembea urefu uleule, akafika mahali hapana kitu. Akasimama. Kisha akaanza kuzunguka. Duara dogo, kubwa kidogo, kubwa zaidi, anatafuta mlango wake ambao mimi mshenzi nimemwibia. Nikamrudisha. Sikulala vizuri siku ile."

Chausiku akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na punje ya ufuta. "Kichwa chake hakifiki hata hii," akasema. "Mimi nimesoma miaka kumi na sita kujifunza kuunda kitu kikubwa. Nataka unifundishe kuunda hiki."

Na ndipo Mfaume alipoanza, kwa mara ya kwanza tangu benchi la zahanati, kufikiri jambo ambalo halikuwa Siwema, na kadiri alivyolifikiri ndivyo alivyogundua kwamba lilikuwa Siwema vilevile. Maana mke wake naye hakuwa na ramani ya dunia. Hakujua miji, hakujua wakuu, ukimuuliza kaskazini angekuonyesha kisima. Lakini angeweza kutoka nyumbani, akapita sokoni, akapita kwa dada yake, akapita harusini, akasengenya, akasuluhisha ugomvi wa watu, akanunua dagaa, na katikati ya vishindo vyote hivyo kulikuwa na uzi ndani yake usiokatika, unaosema: kwetu ni kule. Wakubwa wanajua mji una mitaa mingapi, wanajua mipaka, wana picha yake ukutani iliyopigwa kutoka angani, na hawajui kwao ni wapi. Ndiyo maana ukiwapa dakika moja wanapotea nayo. Mdogo hajui aliko. Mwache asijue! Anajua anakorudi. Je, akili ni ile inayoijaza dunia kichwani, au ni ile inayoiacha dunia nje, ikaisoma inapohitajika, hatua kwa hatua, jua likiwa mwalimu na mguu ukiwa kitabu? Mfaume alikuwa na darasa la tatu. Lakini alicheka peke yake bwawani, akashangaa kusikia kile kicheko, akageuka kuangalia nani kacheka.

Wakaiunda. Walikosea mara nyingi na kwa furaha. Ilikuwa mashine ya miguu sita, kimo cha mwanambuzi, na ubongo wake Chausiku aliuweka kwa koleo la kunyonyolea nyusi, akiwa amebana pumzi. Jicho moja la kuliona jua. Kihesabio cha hatua. Basi. Masikio hawakumwekea, kwa shauri la Mfaume: "Akisikia amri atapotea." Wakampa jina Punje.

"Mfaume we!" Mwamvua alimpigia kelele kutoka uani kwake, amejishika kiuno. "Hao watu wa ofisi wamekulisha nini? Naona meno."

"Jua linanipiga usoni, mama."

"Jua gani, umekaa kivulini! Cheka tu, baba. Na huyo mbuzi wako wa chuma mwambie akifika huko aniletee siku moja tu. Moja! Huyu aliyemo humu tumboni amekwishaota meno, kazi yake kunitafuna."

Mfaume akaacha kucheka. Alikuwa amekwisha kuelezwa Ijumaa hiyo ni ya nini. Haikuwa ya Mwamvua, wala ya Siwema. Joho jipya la Mkuu lilikuwa kwa fundi cherehani, na fundi cherehani, kama mafundi cherehani wa dunia nzima, alimwambia aje Ijumaa. Basi Mkuu akaagiza iletwe Ijumaa moja. Punje angeondokea jukwaani na kurudi jukwaani. Mkuu angeifungua, angevaa joho, angepigiwa makofi, kisha siku ingekunjwa na kufungiwa kwenye mtoto wa meza kabla mtu hajauliza habari za mabomba. Punje akifika jukwaani, Mfaume atapewa pole ileile mpaka naye aingie kaburini.

Waliondoka watatu nyuma ya mashine: Chausiku na kisanduku chake cha vifaa, Mfaume na kibuyu cha maji, na Katibu Shomvi wa Ofisi ya Siku na mwavuli, mkoba, na mfuko mzito ambao hakutaka mtu ambebee. Punje alitangatanga ule uwanda kama kawaida ya walimu wake, huku, kule, nyuma, pembeni, na kila alipopinda Katibu aliandika kwenye daftari neno "uzembe". Hata hivyo alifika.

Ghala halikuwa na ukuta. Siku zilikuwa zimepangwa juu ya chumvi, nyepesi, zimekunjwa kama kanga mpya ambazo bado zina gundi ya kiwandani, kila moja na harufu yake. Jumamosi zilinuka vitunguu vya shughuli. Jumapili zilinuka sabuni. Mfaume alipita katikati yake taratibu, na hapo ndipo alipoona rundo lililowekwa kando, na bila kuambiwa akajua: hizi zilikuwa za Siwema. Hazijafunguliwa. Akainama akagusa ya juu. Ilikuwa Jumatano ya kawaida tu, siku isiyo na jambo, yenye joto la mchana na harufu ya dagaa, na mtu anayeuliza kutoka jikoni: we Mfaume, chumvi nayo umeimaliza? Mchota chumvi mzima! Akakaa chini. Akacheka huku machozi yanamtoka, maana ilikuwa kweli, nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na chumvi ya kutosha. Kisha akaiacha pale, kwa sababu haikuwa yake.

Punje alikuwa amekwisha kushika Ijumaa mdomoni. Ilinuka udi na kanzu iliyotoka kwenye pasi.

"Simamisheni mashine," akasema Katibu Shomvi. Akafungua ule mfuko mzito, akatoa miguu sita ya shaba, imesuguliwa mpaka inatia kiwi. "Maagizo kutoka juu. Chombo kinachorudi kutoka safari ya kiserikali hakiwezi kurudi na kimo kilekile kilichoondoka nacho. Kinarudi kirefu. Fundi, funga."

Chausiku akapanua mdomo. "Lakini Katibu, si ameshahesabu hatua kwa mi—"

Hakumaliza, kwa sababu Mfaume alikuwa amemkanyaga kidole gumba cha mguu, tena kwa kisigino.

"Unasemaje, fundi? Kuna tatizo la kitaalamu?"

Chausiku alimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama mbingu kama mtu anayetafuta mwezi mchana.

"Hakuna, Katibu," akasema.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi darasa la tatu, mheshimiwa. Miguu mizuri. Inang'aa."

Katibu akatikisa kichwa kwa kuridhika na akaandika "wananchi wamefurahi". Na wakati Chausiku anakaza skrubu, akizuia kicheko, Mfaume alikuwa anapiga hesabu yake ya kichumvi. Kila hatua sasa ni ndefu zaidi kwa vidole vinne. Hatua za kwenda nyumbani ni elfu nne. Punje hajui kwamba miguu yake imebadilika, anajua hesabu. Vidole elfu kumi na sita kupita jukwaa. Kupita jukwaa kuna nini? Kuna uzio wa mabati. Na nyuma ya uzio wa mabati kuna sisi.

Hakuwahi kumdanganya mtu maisha yake yote. Na hapa hakudanganya. Alisifu miguu, na miguu ilikuwa mizuri kweli.

Punje alirudi bila kona. Mstari mmoja, ming'aro sita ya shaba, na wao watatu wakikimbia nyuma yake, mwavuli wa Katibu umepinduka. Jukwaani bendi ilianza. Mkuu wa Siku alisimama, mkono mmoja umeshika hotuba na mwingine umenyooshwa kupokea. Fundi cherehani alikuwa pembeni, joho limening'inia mkononi. Punje akapanda ngazi. Makofi. Akamkaribia Mkuu. Makofi zaidi. Akampita. Akapandisha mguu mmoja mrefu juu ya kiti cha enzi, akapandisha wa pili, akashuka upande wa pili na kuendelea.

"Mwambieni asimame!" alifoka Mkuu.

"Haambiwi, mheshimiwa," alijibu Chausiku akihema. "Hana masikio."

Uzio wa mabati ulikuwa umechorwa mabomba, makubwa, ya rangi ya buluu, yanatiririsha maji, ili mgeni akitazama kutoka jukwaani aone ahadi imetimia. Punje aliingia katikati ya bomba la tatu na kulitoboa kama karatasi. Mfaume akapita kwenye tundu lilelile. Askari wawili walimfuata mbio, lakini Ijumaa ilikuwa imeanza kuvuja mdomoni mwa Punje, na walipovuka mabati waliikanyaga. Wakakumbuka kwamba Ijumaa ni siku yao ya mapumziko, wakavua kofia, wakauliza kama kuna kahawa.

Hatua ya elfu nne ilimkuta Punje katikati ya ua wa Mwamvua. Akasimama. Hapakuwa na mlango wake. Basi akafanya kama wafanyavyo: akaanza kuzunguka. Duara dogo, sufuria ikapinduka. Duara kubwa kidogo, kuku wakapanda juu ya paa. Duara kubwa zaidi, na Mwamvua nyuma yake na mwiko.

"Mfaume! Mtoe dude lako! Linatafuta nini kwangu?"

Mfaume alijua linatafuta nini. Alikuwa amezunguka vilevile tangu Alhamisi ile ianze. Akavuka baraza, akaruka miguu ya waombolezaji, na ule mlango wa chumba cha Siwema ambao hakuna aliyeufungua tangu mazishi, akausukuma kwa bega mpaka ukabamiza ukuta. Giza dogo, la baridi, kama shimo. Punje, katika duara lake la nne, akaliona giza. Akakunja ile miguu ya shaba, akaingia, akatua mzigo wake kitandani.

Ijumaa ikajifungua yenyewe. Udi ulijaa chumba, ukatoka barazani, ukashika njia. Na nyuma yake, kupitia tundu la bomba lililochorwa, ikaja Jumamosi, na nyuma yake Jumapili, moja moja, zimefuatana mdomo kwa mkia kama sisimizi waliokwisha kuonyeshwa sukari iko wapi. Hazikuwa na haraka. Kila moja ingengoja zamu yake.

Aliyefika wa kwanza siku ile alikuwa kijana mwembamba, viatu vyeupe kwa vumbi la chumvi, begi kifuani.

"Samahani," akasema. "Mimi ni daktari. Niliambiwa nije Ijumaa. Nimekaa kituoni sijui tangu lini, kila nikiuliza naambiwa bado. Mgonjwa yuko wapi?"

Mfaume alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mtu huyu. Alikuwa ameyanoa kila asubuhi, na yalikuwa makali kweli. Sasa alimtazama yule kijana, midomo imepasuka kwa jua, akaona maneno yale yana anwani nyingine.

"Mgonjwa wako alikuwa amelala hapa," akasema, akionyesha kitanda. "Amekwenda. Kaa kidogo unywe maji. Huyo wa sasa ni yule unayemsikia anatukana."

Kwa kuwa uani Mwamvua alikuwa ameangusha mwiko, ameshika ukuta, na alikuwa anamtukana mumewe, ofisi, Alhamisi na watu wote waliopata kuitetea. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, wa kike, mnene, nywele zimefika mabegani. Jina halikuhitaji kikao: Mwajuma.

Siku zikapita. Huzuni ya Mfaume ikaanza kuchakaa pembeni, kama nguo nzuri. Baada ya wiki moja watu hawakumpa tena ile pole mbichi. Walimpa ya zamani kidogo, yenye mzaha ndani yake, wakamkumbusha jinsi Siwema alivyomfukuza mkusanya ushuru kwa ndoo ya maji ya kuoshea samaki. Jumatatu ikaja, ya arobaini. Chausiku alipakua pilau na grisi yake nyusini. Kisomo kikasomwa. Waombolezaji wakasimama, magoti yakalia kama vijiti, wakakunja mikeka, na chini yake sakafu ilikuwa na rangi tofauti, safi, ya siku waliyohamia wakiwa vijana yeye na mkewe. Mfaume akafagia mwenyewe. Hakumpa mtu ufagio.

Kesho yake alfajiri, reki begani, alipita karibu na jukwaa. Bendi ilikuwa bado inapiga. Mkuu wa Siku alikuwa bado amesimama, mkono umenyooshwa, na Katibu Shomvi pembeni yake, mwavuli umepinduka. Huko juu ilikuwa Alhamisi bado.

"Wewe mzee!" aliita Katibu. "Leo siku gani?"

Mfaume akasimama. Angeweza kuwaacha na siku yao.

"Jumanne, mheshimiwa. Piteni pale kwenye tundu, mtaikuta. Uji upo."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Jumanne! Anasema Jumanne! Walicheka mpaka mpiga tarumbeta akakosa pumzi, na Mfaume naye akacheka pamoja nao, kwa moyo mmoja kabisa, kisha akashika njia ya mabwawani. Chumvi ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuguswa. Ilikuwa ngumu. Akatemea mate viganjani, akaanza upande wa mashariki.